"Mama, kwani wewe unatengeneza pombe?"

Binti yangu alinirushia swali hilo jikoni, jioni ya Jumatano, nikiwa nachambua mchicha. Alikuwa na miaka 12, darasa la sita. Shuleni walikuwa wameulizwa wazazi wao wanafanya kazi gani, naye akajibu kwamba mama yake yuko kiwanda cha zabibu. Mwenzake mmoja akamrekebisha mbele ya darasa zima: "Si zabibu, ni pombe. Mama yako anatengeneza pombe." Darasa likacheka.

"Mama, kwani ni kweli?"

Nilimwambia amalize kuosha vyombo, tutaongea baadaye. Wazazi wenzangu mnaijua hiyo "baadaye". Ndiyo tunayokimbilia tunapobanwa na watoto.

Jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa na mkia. Ndani yake kulikuwa na babu yake, yaani baba yangu mzazi, ambaye binti yangu ameambiwa tangu mdogo kwamba alifariki kwa homa. Haikuwa homa tu. Na aliyemwambia hivyo ni mimi.

Shamba la ekari moja

Nimezaliwa kijijini, nje kidogo ya Dodoma mjini. Kwetu zabibu si tunda la kununua dukani. Wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu Bihawana katika miaka ya 1950, na baadaye zao hilo likasambaa vijijini hadi likawa la biashara. Ardhi yetu ni ya kichanga, mvua ni chache na kiangazi ni kirefu. Mahindi yanateseka, lakini mzabibu unavumilia.

Wageni huwa hawaamini wakiambiwa tunavuna mara mbili kwa mwaka. Ulaya mzabibu hupukutisha majani na kulala wakati wa baridi. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo anayeamua ni mkulima. Anashika mkasi, anapogoa matawi, na mzabibu unachipua upya. Karibu miezi minne baadaye zabibu zimeiva. Ndiyo maana tuna mavuno ya Februari na Machi, halafu ya Agosti na Septemba. Yale ya kwanza huja na mvua, na mvua huja na ukungu unaoozesha vishada. Haya ya pili hukuta hewa kavu na usiku wenye ubaridi, na zabibu huwa safi zaidi.

Baba alikuwa na ekari moja. Aliyepogoa alikuwa mama. Aliyefunga matawi kwenye waya alikuwa mama. Sisi watoto tulifukuza ndege. Fedha zikija, aliyezipokea alikuwa baba.

Baba hakuwa mnywaji wa mvinyo. Mvinyo ulikuwa wa watu wa mjini. Yeye alikuwa mtu wa pombe ya mtama mchana na gongo jioni. Mwaka mmoja mnunuzi aliyeahidi kuchukua zabibu zetu hakutokea. Mama alizunguka na ndoo kichwani akiuza kwa bei ya kutupa, na zilizobaki zikaozea shambani, nyuki wakazijaa. Tangu mwaka huo baba hakungoja tena jioni ifike.

Alifariki mwaka 2003, mimi nikiwa kidato cha pili. Tumbo lilikuwa limevimba, macho ya njano. Msibani watu walisema "homa ya ini". Miaka ilipopita, nilipoanza kumsimulia binti yangu habari za babu yake, nikaliondoa neno ini, ikabaki homa.

Mtu anayeonja na kutema

Siku ya mazishi niliapa moyoni kwamba pombe haitapita kooni mwangu. Sasa cheka: nilisomea mambo ya chakula chuoni, na kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kusafisha matangi katika kiwanda cha mvinyo. Nilimpigia mama simu nikiwa nataka aniambie nisiende. Mama akasema, "Zabibu hazijamkosea mtu. Nenda, wadogo zako wanahitaji ada."

Nikaenda. Kazi yetu ina heshima moja iliyonisaidia: mwonjaji haimezi. Unatia mdomoni, unazungusha, unatema kwenye ndoo. Kwa miaka mingi niliishi hivyo, nikiujua mvinyo kwa ulimi na pua, bila tone kushuka.

Mwaka 2019, kuanzia Januari hadi Aprili, nilipata nafasi ya kwenda Stellenbosch, Afrika Kusini, kufanya kazi ya msimu wa mavuno. Binti yangu nilimwacha kwa bibi yake. Kule Rasi watu wametengeneza mvinyo tangu mwaka 1659, na zabibu nyeupe wanayoilima kuliko zote nilikuwa naijua kama ninavyoijua sura ya mama yangu. Ni Chenin Blanc, ile ile iliyo shambani kwetu. Asili yake ni bonde la mto Loire, Ufaransa, lakini leo hakuna nchi yenye Chenin Blanc nyingi kuliko Afrika Kusini, na wao wana jina lao la zamani, Steen.

Huko ndiko nilikoona kwa mara ya kwanza mvinyo mweupe ukichachukia ndani ya pipa la mti.

Mvinyo mweupe mwingi huchachushwa kwenye matangi ya chuma yanayopoozwa kwa mitambo. Unatoka msafi, mwepesi, wenye harufu ya matunda. Ila kuna watengenezaji wanaochukua juisi mbichi, kabla haijaanza kuchachuka, wakaitia kwenye mapipa ya mwaloni na kuiacha ifanye kazi yake humo humo.

Nilimuuliza msimamizi wangu kwa nini wasichachushe kwenye chuma, halafu wahamishie kwenye pipa ukishakuwa mvinyo. Alinipa maelezo marefu, nami nikayaelewa kwa njia ya jikoni. Fikiria wali wa nazi. Ukipika mchele na tui tangu mwanzo, punje inakunywa nazi. Ukipika wali mkavu kisha ukamimina tui juu, utakula wali na utakula tui, lakini havitakuwa kitu kimoja. Na mti ni hivyo hivyo. Juisi ikichachukia ndani ya pipa, hamira na mashapo yake hupunguza ukali wa mti, na mvinyo unatoka laini. Ukiingizwa baadaye, mara nyingi mti husimama mbele kama mgeni asiyealikwa.

Mapipa yenyewe ni kazi ya mikono. Mbao za mwaloni hupasuliwa, zikaachwa nje kwenye mvua na jua kwa miaka miwili au mitatu, halafu hupindwa kwa moto. Moto huo huo huchoma kidogo upande wa ndani, na hapo ndipo inapotoka harufu ya vanila na ya mkate uliookwa. Pipa jipya huuzwa kwa mamia ya euro. Pipa lililotumika misimu kadhaa halina tena harufu nyingi, ila bado linapumua, linaruhusu hewa kidogo sana kupita, na hilo ndilo jambo muhimu.

Asubuhi moja msimamizi aliniambia nitege sikio kwenye tundu la pipa. Ndani kulikuwa na mchemko mdogo mdogo, kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Nilisimama pale mpaka nikaitwa kazini.

Pipa letu moja

Ilinichukua miaka minne kumshawishi bosi wangu Dodoma. Mwishowe, Agosti 2023, akakubali: pipa moja kuukuu la lita 225, ambalo likijaa hutoa chupa kama 300. Na zabibu zitoke kwa mama yangu, kwa sababu mizabibu yake imezeeka na inazaa kidogo, vishada vidogo vyenye ladha.

Pipa lilikuwa limekaa bila kazi, mbao zimekauka na kuachana. Mtu yeyote wa kijijini anajua dawa yake. Mpini wa jembe ukilegea si unaulowesha? Tulijaza maji siku mbili, mbao zikavimba, likaacha kuvuja.

Tulivuna kabla ya jua kuchomoza, karibu kilo 400, mama akiwa mbele na mkasi wake. Kipimo cha sukari kilisoma nyuzi 22, ambazo zikichachuka zote hutoa kileo cha kama asilimia 12 hadi 13. Tukakamua vishada bila kuvivuruga, juisi ikalala usiku mmoja kwenye tangi lenye ubaridi ili uchafu uzame. Kesho yake juisi safi ikaingia kwenye pipa, nikatia hamira.

Hapo nikafanya kosa la mwanafunzi. Juisi inayochachuka huumuka, kwa hiyo pipa linatakiwa liachwe na nafasi, kama tano ya ujazo wake. Mimi kwa uchoyo wa kutotaka kupoteza hata lita nikajaza zaidi. Siku ya pili usiku mlinzi akanipigia simu: "Dada, pipa lako linatapika." Nikakuta povu limetambaa sakafuni hadi mlangoni. Nilipiga deki hadi alfajiri.

Siku ya sita likaja la pili. Hamira ikifanya kazi hutoa joto, na mchana wa Dodoma nao ukaongeza lake. Pipa dogo hupoteza joto kirahisi kuliko tangi kubwa, lakini chumba kikiwa cha moto litapoea wapi? Kipimo kikapanda hadi nyuzi 28. Joto likizidi, hamira huchoka na kufa kabla ya kumaliza sukari, na unabaki na kitu si juisi wala mvinyo. Nikalivika pipa magunia mabichi, nikawa nayamwagia maji kila saa, na usiku tukaacha milango wazi upepo uingie. Kwa siku nne nyumbani nilikuwa mtu wa kulala tu.

Ni katikati ya siku hizo binti yangu aliponiuliza swali lake. Mnaona kwa nini nilisema baadaye.

Jumamosi

Jumamosi nilimchukua tukaenda wote. Kabla ya kuingia nilihakikisha milango yote imefunguliwa muda mrefu. Hewa inayotoka kwenye uchachukaji, kabondayoksaidi, ni nzito, hutulia chini, na katika chumba kilichofungwa huua mtu bila harufu wala onyo. Hilo nilimweleza kwanza.

Kisha nikamwinua kidogo, akategesha sikio.

"Inachemka," akasema. "Bila moto."

Nikamweleza. Hamira ni viumbe hai, vidogo kuliko tunavyoweza kuviona. Vinakula sukari ya zabibu. Vikishakula vinatoa hewa, hiyo unayoisikia, na vinaacha kileo.

Akafikiri. "Kwa hiyo ni pombe."

Ningeweza kumwambia mvinyo ni kitu kingine, ni kinywaji cha heshima, hata kanisani upo. Nimewahi kuwasikia wenzangu wakisema hivyo kwa watoto wao. Lakini kileo kilichomo ni kile kile kilichokuwemo kwenye kibuyu cha baba yangu. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Halikusema isipokuwa ile ya chupa nzuri.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ni pombe. Mwenzako alisema kweli."

Tukatoka nje, tukakaa juu ya kreti za kuvunia. Hapo ndipo nikamwambia habari za babu yake. Nilimwambia alikuwa anajua kuimba, na alikuwa ananibeba mabegani kwenda gulioni. Nikamwambia pia kwamba alikunywa mpaka ini lake likaharibika, na kwamba mimi nilimficha kwa sababu niliona aibu, na kwa sababu nilitaka ampende.

Alinyamaza muda mrefu, akichora mistari kwenye vumbi kwa kidole cha mguu.

"Bibi anajua?"

"Bibi ndiye aliyemuuguza."

"Sasa kwa nini unafanya kazi hii?"

Wazazi wenzangu, hapo sikuwa na jibu safi. Nilimwambia ukweli niliokuwa nao: kwamba kazi hii inalipa ada yake, kwamba zabibu za bibi sasa zina mnunuzi wa uhakika, kwamba ninaipenda kama fundi anavyopenda kazi yake. Na kwamba kuna siku najiuliza chupa zetu zinaishia kwenye nyumba za namna gani. Nikamwambia hilo la mwisho pia. Nilitegemea atalia au atakasirika. Akauliza tu kama anaweza kusikiliza tena.

Kijiti na mashapo

Uchachukaji ulikwisha wiki ya tatu. Sukari yote ilikuwa imeliwa. Tukalijaza pipa pomoni kwa mvinyo tuliokuwa tumeuweka akiba, tukalihamishia chumba cha ubaridi.

Wengi hudhani hapo kazi imekwisha. Hamira iliyokufa huzama chini na kuwa mashapo, mazito kama uji. Badala ya kuyatoa, unayaacha, na kila wiki unaingiza kijiti kirefu na kuyakoroga. Mvinyo unachafuka, kisha unatulia tena. Mashapo hayo ndiyo yanayoupa unono na kuukinga na hewa. Wengine huuacha mvinyo upate pia mageuzi ya pili, ambapo bakteria hubadili uchachu mkali kama wa tofaa bichi kuwa uchachu laini kama wa maziwa mgando. Sisi tuliuzuia usifike huko, kwa sababu zabibu za sehemu yenye joto hazina uchachu wa kupoteza.

Pia mvinyo hupungua. Unapenya kwenye mbao kidogo kidogo na kupotea hewani, kwa hiyo kila mara unajazia, la sivyo hewa inayobaki juu itaugeuza siki.

Jumamosi kadhaa binti yangu alikuja nami. Alikuwa na daftari. Anaandika tarehe, joto, na lita tulizojazia. Hakuonja, wala hakuomba kuonja. Sheria ni miaka 18, na kwangu mimi hiyo ni sheria ya nyumbani pia. Siamini katika "onja kidogo tu usije ukatamani". Baba yangu naye alianza kwa kuonjeshwa kidogo tu, na wakubwa waliokuwa wakicheka.

Chakula cha Jumapili

Mei 2024 tulijaza chupa. Bosi akanipa moja ya kwenda nayo nyumbani.

Jumapili nikapika kuku wa kienyeji wa nazi na wali. Mvinyo wa namna hii haupendi kunywewa ukiwa baridi kama barafu, harufu yote hufa. Nyuzi 12 hivi zinatosha, kwa hiyo niliutoa kwenye friji nusu saa kabla. Unapendana na vyakula vyenye unono: kuku, samaki wa nazi, nyama nyeupe ya kuchoma. Rangi yake ilikuwa dhahabu hafifu. Ulinukia tofaa, asali kidogo, na nyuma yake mkate.

Mama yangu hanywi. Nilimpa glasi anuse tu. Akaishika kwa mikono miwili, akanusa, akakaa kimya, halafu akasema, "Hizi ni zile za upande wa mbuyu." Sikumwambia tulivuna upande gani siku ile. Alikuwepo, bila shaka alikumbuka. Lakini napenda kuamini alizitambua.

Nikammiminia mume wangu. Kisha, baada ya miaka yote ile ya kutema, nikajimiminia na mimi, robo ya glasi. Nilikuwa nimeshawaambia wote kwamba nitafanya hivyo, ili isiwe siri. Nikaimeza pamoja na chakula. Ilikuwa tamu kwa maana ile nyingine ya tamu, isiyo ya sukari, na ilikaa mdomoni muda mrefu. Mkono wangu ulitetemeka, nadhani mama aliuona.

"Baba yako," akasema taratibu, "sikuwahi kumwona anakunywa akiwa amekaa mezani na watoto wake."

Hakusema zaidi. Sikulichukulia neno hilo kuwa ruhusa. Nimewajua watu waliokunywa mezani kila siku na wakaharibika vile vile. Lakini nilielewa alichokuwa anakipima: kinachofanywa mbele ya macho ya watu wako, na kinachofanywa mbali nao.

Binti yangu alikuwa akiitazama glasi yangu tangu mwanzo. Ilipobaki tupu akauliza, "Utaongeza?"

"Hapana."

Akasubiri kidogo kuona kama ni kweli. Kisha akainuka, akakichukua kizibo, akaifunga chupa kwa nguvu zake zote, akairudisha kwenye friji na kurudi kumalizia kuku wake.

Jumatatu alipokwenda shule, alinisimulia baadaye, yule mwenzake alimuuliza tena kwa utani kama mama yake bado anatengeneza pombe. Akamjibu, "Ndiyo. Na babu yangu ilimuua. Unataka kujua inavyotengenezwa?"

Anasema alisikilizwa hadi kengele ilipogongwa.